Ukurasa Niliouchana

Enzi zetu, wazee wenzangu, mtoto alikuwa na adabu. Ndivyo tunavyowaambia wajukuu tukiwa tumekalia viti vya plastiki, tunakohoa kama machifu. Tunawacheka kwamba ugali wa wimbi unawakwaruza koo, kwamba kutembea hadi Keroka ni msiba, kwamba hadithi wanazotazama kwenye simu zimejaa watoto wanaowadanganya wazazi wao na kushangiliwa. Mimi hucheka kuliko wote. Nina sababu zangu.

Miaka ya sitini nilikuwa darasa la sita katika shule moja upande wa Nyamira, kuta za udongo, sakafu tuliyoipaka samadi kila Ijumaa ili Sabato isitukute wachafu. Kaptula zetu zilikuwa na madirisha mawili nyuma. Chakula cha mchana kilikuwa ndizi baridi iliyofungwa kwenye jani, na aliyefungua yake mapema aliila mbio kabla hajaombwa.

Darasa zima lilikuwa na kitabu kimoja cha hadithi. Mwalimu alikiweka ofisini, akatusomea kila Alhamisi kwa sauti ya mhubiri. Watoto wa kitabuni walikuwa viumbe wa ajabu. Walivaa viatu, hawakuwa na kamasi, na wakikosea walilia kidogo, wakatubu, wakapewa zawadi. Sisi tukitubu tulipewa kiboko.

Alhamisi moja ilikuwa hadithi ya msichana aliyemwona baba yake akiiba mbuzi wa jirani. Chifu akamwuliza anajua nini. Hapo mwalimu akafunga kitabu. Kila mmoja aandike mwisho wake, akasema, na atakayeukaribia ule wa kitabuni atasoma insha yake mbele ya wazazi siku ya kufunga shule. Yeye mwenyewe hakuwa amesoma mbele, ila hilo hakutuambia.

Niliitaka sana nafasi hiyo. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa na hakuwahi kunisifu mbele ya watu hata siku moja. Kesho yake zamu ya kufagia ofisi ilikuwa yangu na Kerubo, binti wa mjane aliyekuwa kibarua wa kuchuma maua ya pareto katika shamba letu. Kerubo alipokwenda kuchota maji, nilifungua kitabu nisome tu ule mwisho. Nikasikia ndoo yake mlangoni, nikauchana ukurasa na kuutia ndani ya shati. Alinikuta mkono ungali kifuani. Akanitazama, akaanza kunyunyiza maji sakafuni.

Nyumbani nilinakili kila neno. Msichana alisema ukweli, baba akalia, jirani akasamehe, chifu akatoa zawadi. Upuuzi mtupu. Ukurasa nikautumbukiza chooni.

Jumatatu mwalimu aligundua, akatuita wawili tuliofagia. Alikuwa na insha zetu mkononi. Kerubo alikuwa ameandika kwamba msichana alimjibu chifu hakuona kitu, kwa sababu baba akifungwa wadogo zake watalala njaa. Kisha kila alfajiri akawa anamkatia yule jirani majani ya ng'ombe bila kumwambia kwa nini. Mwalimu alisoma hayo kwa dharau.

"Anayeandika uongo namna hii ndiye anayechana vitabu," akasema. Kisha akanishika bega. "Huyu hawezi. Moyo wake uko hapa kwenye karatasi."

Alimwuliza Kerubo kama ana la kusema. Kerubo alisema hajui kitu. Nilijua vizuri kwa nini: unga wa mama yake ulitoka kwenye pareto ya baba yangu. Na mimi, bingwa wa ukweli, niliangalia vidole vya miguu yangu.

Kerubo alirudishwa nyumbani hadi mzazi wake afike. Mama yake hakufika. Alimpa kikapu wakaenda kuchuma pamoja, na shule ikaishia hapo. Siku ya kufunga nilisoma insha yangu, kwa kuwa mwalimu, bila ukurasa wa kulinganisha, alichagua iliyompendeza. Watu waliitika amina. Baba alifuta macho kwa leso.

Juzi mjukuu wangu aliangusha redio yangu ikavunjika. Akaja, akasema, "Sokoro," ndivyo tunavyomwita babu kwetu, "ni mimi," akaendelea kutafuna chapati. Nikamgombeza mbele ya watu kwamba watoto wa leo hawana haya. Sikumwambia kwamba mimi, nilipokuwa na umri wake, nilikuwa na haya tele na sikuweza kutamka maneno hayo.

Na Kerubo nimemwona mara moja tu tangu wakati huo, sokoni Keroka, mvi kichwani, akiuza ndizi. Alinitambua, akaniongezea mbili. Kisha akaniuliza kwa Kigusii, kwa upole, bila kinyongo chochote nilichoweza kukiona.

"Nimetaka kujua miaka yote hii. Yule msichana wa kitabuni alimjibu chifu nini?"

Nikamwambia nimesahau.