Sura ya Kuazima Kutoka Korea

Ipo siku moja naikumbuka kuliko zote nilizoishi, mwanangu, na kama ningeruhusiwa kuisahau ningeisahau leo hii. Siku hiyo nilimwendea bibi yangu kijijini Sibwesa aniage, naye akanikaribisha kama mgeni. Kaa nikusimulie, japo sina hakika kama utasikia. Nimeshawasimulia mabinti wengi hapa Nsemulwa. Huniitikia vizuri, "Sawa bibi," kisha wanarudi kwenye simu zao.

Kwanza ujue kwamba mimi si mzee kama unavyodhani. Hamsini sijafika. Mnaniita bibi kwa sababu ya uso, na uso huu ndio habari yenyewe.

Ujanani nilikuwa msusi katika saluni moja hapa Mpanda mjini. Enzi hizo tamthilia za Kikorea zilikuwa zimetuingia kama surua. Zilikuja kwenye CD, zimetafsiriwa Kiswahili na kijana mmoja wa Dar mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye aliwasemea wote peke yake, mfalme, malkia na mpishi wao. Mwenye saluni alitundika televisheni ukutani, na wateja walikaa hata baada ya kumaliza kusukwa. Tulilia pamoja na wale watu, mwanangu. Ugomvi wa kwenye kasri lao tuliujua kuliko wa majirani zetu. Mimi lakini kilichonishika si hadithi, ni ngozi. Wale wasichana walikuwa na uso mweupe, laini, hauna hata chunusi moja. Nikimaliza kuwatazama najigeukia kwenye kioo, naona sufuria iliyoungulia ugali.

Alikuwepo mteja wetu mmoja, Mama Rehema, aliyekuwa akienda China kufunga mzigo wa nguo za kuuza. Akatuambia kuwa huko nako ni yaleyale. Wasichana wa Kichina wanatamani kuwa Wakorea, wa Thailand vilevile, wa Ufilipino vilevile. Wanavaa kama wao, wanakata nywele kama wao, na wengine wanalala kwenye kitanda cha daktari wachongwe pua na kope wafanane na waigizaji. Hapo ndipo ningeshtuka kama ningekuwa na akili. Ikiwa jirani yao kabisa, mwenye nywele na ngozi kama yao, anajiona hajatosha, mimi Kalunde wa Sibwesa nitatosha lini? Lakini nilisikia kinyume. Nilisikia kwamba dunia nzima inakwenda huko, na mimi ndiye niliyechelewa. Mama Rehema alikuwa na krimu ya kung'arisha ngozi ya hukohuko, kopo lake lina picha ya msichana wa Kikorea anacheka. Nikaichukua siku hiyohiyo, na nilipoona inachelewa nikaichanganya na nyingine mbili.

Miezi haikuwa mingi uso ukawa mweupe, masikio na vidole vikabaki vya kwetu. Nikanunua na wigi la nywele zilizonyooka, limekatwa mbele hadi kwenye nyusi. Watu wakanisifu, na mimi nikazitafuta hizo sifa kila asubuhi kwenye lile kopo.

Sasa nikwambie habari ya bibi. Mimi nilikuwa wajina wake. Nilipewa jina lake kwa sababu nilizaliwa na sura yake, hadi baka jeusi chini ya jicho la kushoto. Masikio ya bibi yalikufa nikiwa bado mtoto, kwa hiyo watu aliwajua kwa sura tu. Akiniona natokea njiani alikuwa anagusa baka lake, nami nagusa langu. Hiyo ndiyo ilikuwa shikamoo yangu na marahaba yake. Na katika ukoo wetu, mzee akiona safari ya mwisho imefika humwita wajina wake, huchukua maji kinywani na kumpulizia usoni. Hiyo ndiyo baraka. Hapewi mtu mwingine, na ukiikosa umebaki na jina tupu.

Mama yangu aliliona jambo hili mapema. Alikuja mjini na karanga zake, akanikuta saluni, akasimama mlangoni ananitazama mpaka wateja wakageuka.

"Kalunde, hiyo sura hukujipa mwenyewe," aliniambia. "Bibi yako hasikii. Sasa atakujulia wapi?"

Nikacheka, mwanangu. Nikamjibu kwamba nyie watu wa zamani mambo haya hamyawezi, na nikarudi kwenye kichwa nilichokuwa nasuka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Guu lingekuwa nafuu, lingefungwa likaunga.

Wito ulikuja wakati wa kuvuna mahindi. Bibi anakuita, njoo leo. Nikakodi bodaboda, nikafika Sibwesa karibu saa sita mchana, vumbi limenijaa. Mama alinipokea uani. Hakunigombeza. Alinivua wigi, akaninawisha uso kwa sabuni mara tatu, akanifunga kanga kichwani. Kisha akalitafuta lile baka kwa kidole chini ya jicho, akalikosa. Krimu ilikuwa imelila, imeacha wekundu na uvimbe mpaka kwenye shavu. Ndipo nilipomwona mama analia, na mimi nikaanza kuogopa.

Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka, ameegeshwa ukutani, bakuli la maji liko mbele yake. Nikapiga magoti. Nikagusa mahali palipokuwa na baka. Akanitazama vizuri kabisa, macho yake hayakuwa na kasoro, kisha akawageukia wazee wenzake waliokuwa wameketi naye akasema kwa Kikonongo chake, kwa adabu ile wanayopewa wageni, kwamba huyu binti ametoka mbali, apewe kiti na maji ya kunywa.

Mama akapiga kelele sikioni mwake, kazi bure. Akaushika mkono wa bibi, akauweka shavuni pangu. Bibi akautoa taratibu ili asinikosee heshima. Halafu akanywa funda la maji, akalishikilia kinywani, akatazama mlangoni juu ya bega langu. Alingoja. Mimi niko mbele yake, uso nimeuinua, nalia kama mtoto, na yeye ananingoja mimi. Mashavu yalianza kumtetemeka. Mwisho akachoka, akayameza yale maji.

"Wajina wangu amechelewa," akasema.

Kabla ya saa kumi jioni alikuwa ameshaondoka. Niliwahi kusikia watu wakinifariji kwamba Mungu anajua nia. Labda anajua. Bibi hakujua, na yeye ndiye niliyemhitaji.

Krimu niliiacha siku hiyo, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Weusi ulirudi mabakamabaka, ngozi ikawa nyembamba, leo siwezi kukaa karibu na moto wala kulima bila kujifunika uso. Lile baka la bibi halikurudi. Ndugu zangu wamezaa mabinti sita tangu hapo, na hakuna hata mmoja aliyeitwa Kalunde. Sijauliza kwa nini.

Usidhani nina ugomvi na Wakorea. Wao walikuwa wanaigiza kwao, hawakujua hata kama kuna mahali panaitwa Mpanda. Tena zile tamthilia zilijaa vijana wanaoinama hadi chini mbele ya wazee wao. Hilo nililiona kila siku na sikuliiga. Nilichagua ngozi. Wahenga wamesema mwiga tembo hupasuka msamba, na mimi niliiga watu wembamba vile, nikapasuka uso.

Leo nyie hamhitaji hata CD, waimbaji wao mnalala nao kwenye simu mkononi. Mpwa wangu amebandika picha zao chumba kizima, na juzi nimeona kopo chini ya mto wake. Nilipomkanya akaniambia, "Shangazi, hata Wajapani wanafanya." Na mimi enzi zangu nilijiambia hivyohivyo.

Nasaha yangu ni fupi. Sikiliza nyimbo zao, cheza, jifunze hata lugha yao ukipenda. Uso wako usiuguse. Si wako peke yako, wapo waliokutangulia wanaokutambua kwa huo uso, na watakaokuja watataka kujiona humo. Na mzazi akikuonya, usicheke kwanza.

Baraka ya maji siwezi kukupa, mwanangu, sikuipokea. Nakupa maneno, ndiyo niliyobaki nayo. Mungu akutunze na ngozi aliyokuvika, akuwekee wazee wako. Na siku mmoja wao atakapokuita kwa mara ya mwisho, ukiingia mlangoni, asiulize wewe ni nani.