Kurasa Zisizotupika

Mume wangu alikuwa mjalidi wa vitabu. Watu walimwita Mzee Jalada, naye aliitika kama ndilo jina alilopewa na mama yake. Sasa yuko mbele ya haki, na mimi niko kwenye eda, ndani ya nyumba ileile, juu ya gereji ileile. Sina pa kwenda, basi niandike habari zake, Mungu amrehemu.

Gereji ilijengwa kwa ajili ya gari ambalo hatukuwahi kulinunua. Nyumba iko kwenye mteremko, kwa hiyo ukuta wa nyuma wa gereji umeegemea udongo mtupu. Alipostaafu kutoka kiwanda cha uchapaji alishusha humo meza yake, mbao za kubania vitabu, sindano, nyuzi, na sufuria ya gundi aliyoipika mwenyewe kwa unga wa ngano.

"Wenzio wanapika uji wanakunywa," nilimtania, "wewe wako unapaka vitabu."

"Vitabu havilalamikii chumvi, mama watoto."

Alijalidi kamusi za shule na vitabu vya hesabu vya maduka, lakini kazi kubwa ilikuwa misahafu. Kwetu Waislamu msahafu uliochakaa hautupwi jalalani. Unazikwa mahali safi, au unachomwa kwa heshima. Watu wanalijua hilo, ila wengi wanaona uzito kulifanya kwa mikono yao. "Mpelekee Mzee Jalada, yeye anajua." Basi wakaleta mifuko: misahafu iliyolowa chini ya paa linalovuja, iliyosahaulika makabatini, yenye madoa ya kijani na meusi, inayonuka kama tambara lililolala ndooni. Aliyeleta aliondoka mwepesi. Mzigo ulibaki kwetu.

Wakati wa mvua za mwaka juzi ndipo ukungu ulipotushinda. Upepo ulirusha manyunyu kupitia matundu ya hewa, mume wangu akayaziba kwa matambara na nailoni. Akabandika mpira chini ya mlango. Akajisifu kwamba hata sisimizi hapiti. Haukupita muda, kuta zikaanza kutoa jasho, visu vikashika kutu, na majalada mapya yakaota vinyweleo vyeupe. Naye akaanza kukohoa.

Mkwe wetu ni mwashi. Alishuka, akaweka kiganja sakafuni, kisha kwenye ukuta wa nyuma.

"Baba, umemfungia mwizi ndani."

"Mwizi gani?"

"Maji. Haya hayaingii kwa mlango. Yanapanda kutoka chini na yanapenya ukuta huu, na gundi yako inakaukia humuhumu. Halafu umeziba pa kutokea."

"Kwa hiyo nifungue, mvua iingie?"

"Mvua ikinyesha, funga. Jua likitoka, fungua kila kitu."

"Nimemwoza binti, sasa ananifundisha kufungua mlango," mume wangu alisema, lakini matambara aliyachomoa siku hiyohiyo.

Mkwe akachimba mfereji nyuma ya ukuta na kuujaza kokoto. Rafu zikasogezwa mbali na ukuta, zikapandishwa juu ya matofali. Ndoo za chokaa kavu zikawekwa kwenye pembe zivute unyevu. Kwenye gundi mume wangu akaanza kutia shabu na mafuta ya karafuu, na vitabu vya wateja vikaacha kuota ukungu.

Kikohozi hakikuacha. Hospitali walimpiga picha ya kifua, wakasema ukungu umemdhuru mapafu, na kama ataendelea kuuvuta hatapona. Gereji ilikuwa imekauka, lakini kila mfuko ulikuja na ukungu wake, na yeye alifungua kila mfuko na kupekua karatasi mojamoja.

"Wakatalie," nilimwambia.

"Nimwambieje mtu arudi na maneno ya Mungu mkononi, kama anayerudisha mkate uliochacha?"

"Waambie unaumwa."

"Wanasikia nakohoa. Wanasema pole, wanaacha mfuko."

Nikamwita imamu. Alikaa kwenye ngazi, hakuweza kuingia kwa ile harufu. "Mzee, dini haikukutaka ujiue. Iliyooza tuizike. Nitatoa sehemu nyuma ya msikiti, na Ijumaa nitatangaza wasilete tena." Akatangaza kweli. Watu wakasikia, na kila mmoja akadhani wanaambiwa wengine.

Siku ya kuzika shimo lilikuwa tayari na magunia yamepangwa. Mume wangu akaketi ukingoni, kitambaa mdomoni, akaanza kufungua kila msahafu kabla haujashushwa.

"Huu bado unasomeka." Akauweka kando. "Huu umeharibika mwanzo tu."

Lile rundo la kando likawa kubwa kuliko lililokuwa shimoni. Imamu akauliza, "Mzee, leo tunazika au tunachagua?" Watu wakacheka, na yeye akacheka mpaka kikohozi kikamkata pumzi, ikabidi ashikwe mabega.

Tulirudi na magunia mawili. Njiani nilimwambia, "Utaniacha peke yangu kwa ajili ya karatasi."

"Nikizika kinachosomeka, nitaulizwa."

Mimi pia naamini kwamba tutaulizwa.

Akaijalidi misahafu ile, mlango wazi, amejifunga blanketi kifuani. Ilitoka mizuri, watoto wa madrasa wanaisoma hadi leo. Mvua zilizofuata zilimkuta hospitalini na mpira wa oksijeni puani, na hakurudi.

Baada ya mazishi mkwe aliyapeleka kuzikwa magunia ya misahafu iliyoendelea kuletwa. Nilimkataza mtu yeyote kufungua hata moja. Tukakubaliana mlango wa gereji uzibwe kwa matofali, ili watu waone wenyewe kwamba kazi imekwisha.

Juzi akaja mama mmoja na mfuko wa nailoni.

"Shikamoo, bibi. Mzee yupo?"

"Marahaba. Mzee amefariki, mwanangu."

Akasoma inna lillahi, akajifuta macho. Kisha akautazama mfuko. "Sasa huu nimpelekee nani?"

"Imamu."

"Natoka huko, amesafiri. Ni msahafu wa marehemu mama yangu, bibi. Nitauweka wapi?"

Nilimwambia arudi nao nyumbani. Akasema kwake ni chumba kimoja, na mtoto wake ana pumu. Matone ya mvua yakaanza kudondoka, mazito, na nailoni ilikuwa imetoboka. Akauweka kibarazani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akaomba radhi, akakimbia.

Mimi niko kwenye eda, siwezi kutoka kuupeleka popote. Nilisimama mlangoni nikitazama maji yakiukaribia. Mwishowe nikajifunga mtandio puani, nikauokota, nikashuka nao gerejini, nikauweka juu ya rafu.

Jioni mkwe alipiga simu kuuliza alete matofali mangapi. Nikamwambia asilete.