Mfalme wa Waviking Chumbani Kwetu

Ijumaa alasiri, tukishamaliza kula, wenzangu walikuwa wakimgeukia mtu mmoja. Alikuwa Mtanzania wa makamo, mfanyausafi wa hoteli kule Al Rigga, na kitanda chake kilikuwa chini ya changu katika chumba tulichokodi watu sita mtaa wa International City, huku nchi za Waarabu. "Mwalimu," walimwambia, "tuletee mfalme wako."

Mfalme mwenyewe alikuwa wa Waviking, wale mabaharia wa kaskazini ya Ulaya waliopora pwani za watu miaka elfu iliyopita. Mgeni mmoja alikuwa amesahau hotelini kitabu cha maisha ya mfalme huyo, hakuna aliyekirudia, na msimamizi akampa Mwalimu. Alisoma Kiingereza chake kwa kidole, neno baada ya neno, kisha akatusimulia kwa Kiswahili kitamu mpaka watu wakaweka simu chini.

Mimi nilikuwa na digrii ya historia. Nilikuwa nimefundisha sekondari Kenya kabla ya kuja kufungua geti la jengo la watu Jumeirah Village Circle, yes sir, yes madam, mchana kutwa. Mle chumbani hakuna aliyewahi kuniita mwalimu.

Ijumaa moja akafika kwenye alfajiri ya vita vya mwisho vya mfalme. Mfalme yuko peke yake hemani, anamkumbuka mama yake, analia, anajifuta machozi kwa ncha ya joho.

"Nani alimwona?" nikauliza kutoka kitanda cha juu.

"Kitabu kinasema."

"Nakuuliza, nani alimwona? Si umesema alikuwa peke yake?"

Mmoja wetu akacheka. Kicheko kile kikanipanda kichwani. Nikateremka, nikamnyang'anya kitabu. Nikawaonyesha kwamba nyuma hakuna hata ukurasa mmoja unaotaja habari zilikotolewa. Nikawaonyesha mwandishi anavyosema "huenda" katika sura ya kwanza, na kufika sura ya tatu ile "huenda" imeyeyuka, jambo lilelile limekuwa kweli tupu. Nikawaambia kwamba habari za wafalme hao tumeachiwa na watawa waliochomewa makanisa, na malenga waliolishwa mezani kwa mfalme, na watu waliozaliwa vizazi vingi baada yake. Yote yalikuwa sahihi. Ndiyo maana nilijisikia nina haki.

Yeye alinisikiliza kama mwanafunzi, amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Sasa, mdogo wangu," akasema, "mtu atajuaje lipi la kushika?"

Darasani kwangu hakuna aliyewahi kuniuliza swali zuri kama lile. Na jibu nilikuwa nalo: tazama sarafu zake, tazama mawe yaliyochongwa enzi zake, tazama pale adui na rafiki wanaposema neno moja. Nikamrushia kitabu mapajani.

"Mtu wa darasa la saba hawezi kujua," nikasema. "Wewe sugua vyoo."

Walicheka wote, mimi nikicheka kuwashinda. Yeye alikunja vizuri ukurasa uliojipinda, akajilaza akiutazama ukuta.

Ijumaa iliyofuata walipomwomba, akasema, "Muulizeni msomi." Basi nikasimulia mimi. Nilipima kila habari, nikaeleza shaka zake moja moja, na kabla sijamfikisha mfalme baharini wawili walikuwa wamelala. "Khalas, kaka, yatosha," akasema wa tatu, akavaa spika za masikioni.

Ilinichukua majuma kadhaa kumfuata. Nilimkuta asubuhi kituoni, akingoja basi la kwenda kwenye treni ya metro, sare yake imepigwa pasi.

"Mzee, siku ile nilikukosea."

"Kuhusu kitabu hukukosea," akasema. "Nilikirudia. Kina uongo mwingi, na ningependa kuujua." Akatazama barabara. "Ungeniambia tukiwa wawili."

Basi likaja. Akapanda, akaenda kusimama mbele kabisa karibu na dereva. Lilikuwa basi langu pia, lakini nililiacha liondoke, nikafika kazini nimechelewa.

Mwisho wa mwezi alihamia chumba kingine, jengo la pili kutoka letu. Nilisikia huko wanamsikiliza kila Ijumaa. Sikuwahi kualikwa.