Nani Kapanda Miti ya Losheni

Sanatu wa kijiji cha Kpanyili hakujaliwa adabu ya kuogopa wakubwa. Siku ya tatu tu ya ndoa alimwambia mumewe mbele ya wakwe kwamba anakoroma kama mashine ya kusaga. Mume sasa ni marehemu, Mungu amrehemu, na uani wamebaki wajane wake wawili: Sanatu na Azara, mke mkubwa. Wamegombana kwa miaka thelathini na minane, na hakuna kati yao anayeweza kula ugali bila mwenzake.

Kwa ule mdomo wake, wanawake wa kijiji walimchagua Sanatu kuwa magazia, kiongozi wao. Kazi yao ni kutengeneza mafuta ya shea. Huokota matunda yaliyoanguka, huchemsha kokwa, huzikaanga na kuzisaga, kisha huupiga ule uji kwa mikono mpaka mafuta yaelee na mabega yalie. Lakini mti wenyewe hawaupandi. Tangu enzi za mababu, mti wa shea humea wenyewe. Atakayeupanda kwa mkono wake atazikwa siku utakapozaa. Hakuna aliyewahi kuhakikisha jambo hilo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kupanda.

Wachoma mkaa, wao, hawakuwa na mwiko wowote. Kila mwaka miti ilipungua, na kila mwaka Sanatu alitembea mbali zaidi na beseni lake kichwani. Ilimuuma. Alikuwa na binti watatu, na hakuona watakachookota.

Ndipo ikaja kampuni ya ng'ambo inayotengeneza mafuta ya kupaka. Jina lake lilikuwa refu na gumu, basi wanawake wakaiita Losheni. Losheni ilinunua shea kwa bei nzuri, hilo lisemwe, na kila mwaka ilileta wokovu mpya. Mwaka wa kwanza wokovu ulikuwa usawa wa kijinsia, wakapewa fulana. Mwaka wa pili kunawa mikono, wakapewa fulana na ndoo. Walifundishwa pia kusaini fomu za mahudhurio, ndiyo maana jina lake likawa neno pekee ambalo Sanatu anajua kuandika.

Mwaka wa tatu wokovu ulikuwa miti. Lori lilishusha miche arobaini ya shea, na nyuma yake akashuka mpiga picha pamoja na Bwana Ebo Quansah, Afisa wa Maendeleo Endelevu, kijana wa pwani mwenye viatu visivyofaa.

"Karibuni akina mama, kila mmoja achukue mche wake!" alisema Quansah.

Wanawake wakarudi nyuma hatua tatu, wote kwa pamoja.

"Wanaona haya," Quansah alimwambia mpiga picha.

"Haya gani?" Azara alinong'ona. "Kanileteeni basi na sanda, nichague rangi."

Quansah akamvuta Sanatu pembeni. "Mama Magazia, nakuomba. Miche isipopandwa leo, wakubwa hawatasaini mkataba wa kununua shea mwakani. Mimi mwenyewe nitafukuzwa."

Sanatu akapiga hesabu. Umri wake, sitini na mitatu. Mti wa shea huzaa baada ya miaka ishirini. Jumla, themanini na mitatu. Kufikia hapo, kifo kikija kitamkuta amekwisha funga mizigo. Akashika jembe, akapanda miche yote arobaini peke yake, huku mpiga picha akimwambia atabasamu. Picha ile ilitoka kwenye ripoti ya kampuni, na chini yake waliandika: Fatima, miaka 45.

Alipoinuka na kujifuta jasho, Quansah alikuwa akihutubia. "Na habari njema! Hii ni miche ya kupandikizwa, iliyoungwa kitaalamu na vitawi vya miti inayozaa. Hamtangoja miaka ishirini. Itazaa baada ya mitano tu!"

Alisubiri vigelegele, akapata kilio cha Azara.

"Mitano! Wamemuua! Wamemuua mke mwenzangu kwa fulana!"

Wiki iliyofuata Losheni ikasimika ubao mkubwa wa bati shambani. Quansah aliwasomea kwa fahari: "Miti hii imepandwa na..." kisha likafuata lile jina refu la kampuni.

"Mlikuwa wapi nilipokuwa nachimba?" Sanatu aliuliza.

"Ni utaratibu tu, Mama."

"Hata utaratibu haukushika jembe."

Azara alimsihi aing'oe miche usiku na kuwasingizia mbuzi. Sanatu alikataa. Si kwamba hakuogopa. Aliogopa sana. Lakini alishaona majani mapya mawili kwenye mche mmoja, na moyo wake ukanasa. Kiangazi kikija na vumbi lake, alibeba maji kutoka bwawani, ndoo asubuhi, ndoo jioni. Mbuzi walikula kumi na minne, moto wa wawindaji ukala kumi na mitano. Ikabaki kumi na mmoja. Losheni haikuleta hata kikombe cha maji. Wokovu ulishahamia kwenye nishati ya jua.

Mwaka wa tano tangu kupanda, mvua za kwanza, mti mmoja ulizaa matunda manne.

Kijiji kizima kilikusanyika uani. Azara alishapika chakula cha matanga, kwa sababu hapendi kushtukizwa. Sanatu alikaa kwenye kigoda, kakasirika, huku watu wakimtazama anavyopumua. Kila akikohoa, mtu alianza kulia.

Mara pikipiki ya kukodi ikaingia. Alikuwa Quansah, bila lori na bila mpiga picha.

"Mama Magazia, kampuni imefunga," alisema. "Ofisi ya hapa, mradi, kila kitu. Wamepata mafuta yanayotengenezwa maabara. Wanasema ndiyo rafiki zaidi wa mazingira. Nimeona nije niwaage mwenyewe."

Azara akaruka juu kama msichana.

"Ubao! Ubao ulisema nani kapanda? Losheni! Kapanda Losheni, kafa Losheni! Mke mwenzangu hafi!"

Vigelegele vikapasuka. Watu wakala chakula cha matanga kwa furaha, na Quansah, ambaye ndiye hasa aliyefiwa, akapewa mnofu mkubwa.

Sanatu peke yake hakucheza. Alikuwa akichemka.

"Miaka mitano nimebeba maji mimi! Kupanda wakajiita wao. Sasa hata kufa wametangulizwa wao?"

Alikwenda shambani, umati nyuma yake. Akaung'oa ubao, akaugeuza, na kwa kipande cha mkaa akaandika lile neno analolijua. SANATU. Akausimika tena, akachuma tunda, akalila mbele yao taratibu, kokwa akamkabidhi Azara.

"Utakufa!" Azara alilia.

"Nitakufa. Kwani wewe una mkataba?"

Usiku ule Azara hakulala. Alikaa mlangoni kwa Sanatu akisikiliza, na alfajiri alisikia matusi: nani kamwaga maji yangu ya kuoga? Akamshukuru Mungu kwa sauti.

Msimu uliofuata wanawake walianza kuja kuomba miche kwa Sanatu, ambaye alikuwa amejifunza mwenyewe kuipandikiza. Azara alikuwa wa kwanza.

"Nataka sita. Na vibao."

"Niandike jina gani?"

"Andika lako. Wewe umeshazoea."

Sanatu akacheka mpaka akashika mbavu. Hata hivyo hakujua kuandika jingine. Basi mashamba ya Kpanyili leo yana miti zaidi ya mia mbili, kila mmoja na kibao chake, na vibao vyote vinasema SANATU. Mwenyewe ana miaka sabini na mmoja. Analalamikia goti.