Amina ya Saa Sita

Alhamisi iliyopita tulimzika baba. Ijumaa, saa sita mchana, kengele ya kanisa ikalia kama kawaida, ila mkono ulikuwa wa mtu mwingine. Kengele yetu ni kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mgunga nyuma ya kanisa. Baba aliigonga taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa. Huyu mpya anaigonga kwa haraka, amalize aende zake. Nilikuwa nimekaa mkekani pamoja na wafiwa wenzangu, nimechoka hata machozi hayaji, na mlio ule wa chuma ukanirudisha kwenye mchana wa utoto wangu.

Kijiji chetu kiko mbele ya Msalato, ukitokea Dodoma mjini. Ni nchi ya udongo mwekundu na mvua inayokuja ikijisikia. Nyumbani tulikula mara mbili: asubuhi uji wa uwele, jioni ugali wa uwele kwa mlenda. Mwaka ukiwa mbaya, uji nao uliaga.

Baba alikuwa na sababu yake, tena ya Maandiko. Yule nabii aliyejificha kando ya kijito wakati wa njaa aliletewa chakula na kunguru, asubuhi na jioni.

"Mchana hawakuja," baba alituambia, akitutazama mmoja mmoja. "Na hakuna palipoandikwa kwamba alinung'unika."

Mimi kunguru wale niliwachukia. Mabawa wanayo, njia wanaijua, mchana walikuwa wapi?

Lakini mchana wetu haukupita hivi hivi. Akishagonga kengele, baba alirudi nyumbani. Mama aliacha kazi aliyokuwa nayo, mimi na mdogo wangu Neema tuliacha michezo, wote tukakaa kwenye kivuli chembamba cha ukuta wa tembe yetu. Baba alivua kofia, akanyoosha mikono juu ya mkeka mtupu, akamshukuru Mungu kwa chakula. Chakula kipi, hakusema. Palinuka vumbi la moto na mbuzi. Mara nyingi tumbo la Neema liliunguruma katikati ya sala, na mama akauma midomo asicheke. Tukishasema "Amina", tulisimama, tukakung'uta nguo, kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Niliamini kwamba Wakristo wote duniani hufanya hivyo.

Mwaka mmoja mvua ilikatika uwele ukiwa bado wa magotini. Likizo ilipofika nikapelekwa kwa shangazi, dada yake baba, aliyekuwa akiishi Kikuyu, pale mjini. Mumewe alikuwa seremala huko Kizota, na mchana alirudi kwa baiskeli, nywele zimejaa unga wa mbao. Siku yangu ya kwanza tulikaa mezani, sufuria katikati, imefunikwa. Palinukia vitunguu vilivyokaangwa kwa mafuta ya alizeti. Mume wa shangazi akaomba. Nikaitikia "Amina" kwa sauti, nikasimama, nikakung'uta gauni, nikachukua ufagio nikatoka uani.

"We mtoto! Unakwenda wapi?" shangazi akaita.

"Kufagia, shangazi."

"Na chakula je?"

"Si tumeshasali?"

Mtoto wake Yohana alicheka mpaka akalalia meza. "Mama, mgeni ameshiba Amina!"

Shangazi hakucheka. Alinirudisha kitini, akanipakulia wali na maharage, kisha akakaa ananitazama nikila, mkono shavuni, chakula chake kikipoa.

Wiki haikuisha akanirudisha kijijini. Nilidhani ameshanichoka. Njia nzima kutoka barabarani alitembea mbele yangu, na tulipofika alisema "Mbukwenyi" kuwasalimu, akaanza hata kabla ya kupewa kigoda.

"Kaka, huyu mtoto nampeleka mjini akakae kwangu. Akasome kule, ale mara tatu kama watu."

"Nani amesema mara tatu?" baba akauliza. "Tunaomba mkate wa kila siku. Ni mara ngapi kwa siku, Bwana hakutaja."

"Na huyo Bwana alipofufuka, si aliwawashia moto wanafunzi wake asubuhi pale ufukweni, akawaandalia samaki? Alijua wamekesha na njaa. Hakuwaambia wangoje jioni!"

"Asubuhi hata sisi tunakula."

"Mnakula nini? Kaka, usiwasingizie kunguru. Kihenge ni kitupu. Sema kihenge ni kitupu!"

Mama aliinamisha kichwa.  Baba alikuwa akizungusha kofia mikononi, anaizungusha tu. Shangazi naye akaishiwa ukali.

"Sikulaumu," akasema kwa sauti ya chini. "Wewe walau unakaa. Baba yetu hakukaa."

Sikuelewa, wala sikujali. Nilichongoja ni kusikia kama nitakwenda. Nawaambieni kweli, nilitaka kwenda, nilitaka maharage yale. Na nilitaka baba akatae. Yote mawili niliyataka kwa moyo mmoja.

"Mchukue," baba akasema. Hakumwambia shangazi wala mimi, aliiambia ardhi.

Kesho yake alitusindikiza, kifurushi changu begani kwake. Kengele alikuwa amemwachia jirani. Ikalia tukiwa bado njiani, mahali pasipo na kivuli. Baba akasimama, akavua kofia, akashukuru kwa chakula. Tukasema Amina, tukaendelea kutembea.

Nikakulia Kikuyu. Nilikula mara tatu, nikamaliza darasa la saba, nikaolewa hukohuko mjini. Likizo nilirudi nyumbani, na kila nilipokaa kwenye kivuli kile niliona mahali pangu pameachwa wazi, Neema hajapakalia.

Maneno yale ya shangazi, kwamba baba yao hakukaa, yalinifikia baadaye sana, kazi ya mume wangu ilipokatika. Mchana nilianza kutafuta visingizio vya kwenda kwa jirani, nikae huko mpaka jua lipungue, ili wanangu wasinitazame. Siku moja nikamwuliza shangazi, kabla naye hajafariki. Akaniambia kwamba babu, miaka ya njaa, alitoka nyumbani kila jua lilipofika utosini. Hakuwa na pa kwenda. Alishindwa tu kuyatazama macho ya watoto. Baba yangu, akiwa mdogo, aliapa kwamba mchana wa wanawe utamkuta nyumbani. Hakuwa na cha kuwaletea, basi akaleta sala.

Mungu anataka tule mara ngapi kwa siku, mimi sijui. Sikusoma hivyo. Wachungaji niliowauliza kila mmoja alinijibu lake. Ninachojua ni kwamba baba alikaa, na kwamba tangu nijue hayo sikwenda tena kwa jirani mchana.

Ijumaa ile, kengele ilipokwisha kulia, majirani walituletea sinia la wali na nyama, wakaliweka mkekani mbele yetu. Mwinjilisti akaomba, akaomba sana, wali ukitoa mvuke.

"Amina."

Nikasimama, nikakung'uta nguo. Nilipogeuka nikamwona Neema, mtu mzima na kilemba chake cha msiba, naye amesimama anakung'uta nguo. Watu walikuwa wakitutazama. Mama alikuwa ameegemea ukuta, macho amefumba, nikadhani amelala.

"Kaeni, wanangu," akasema. "Leo kipo."

Tukakaa.