Bega la Steringi

Juzi nilikuwa saluni mjini Eldoret, nusu ya kichwa imesukwa na nusu iko ovyo, nikasikia mlio. Ulitoka kwenye televisheni iliyotundikwa juu ya kioo: bastola ya sinema, ule mlio mnene wenye mwangwi ambao bunduki ya kweli haina. Steringi, yule shujaa wa filamu, akashika bega, akakunja uso kidogo kama mtu aliyeng'atwa na siafu, akaendelea kukimbia. Msusi wangu, msichana mpole tu, akasema bila hata kuinua macho, "Aah, huyo hawezi kufa, amepigwa kwa bega." Wenzake wakacheka. Nikawaambia wazime au nitoke hivyo hivyo nilivyo. Walinitazama kama mtu aliyerukwa na akili, lakini walizima. Wao sikuwaeleza sababu. Nyinyi nitawaeleza.

Nilikulia karibu na Soy, kwenye shamba dogo la mahindi. Baba alikuwa dereva wa malori yanayoenda Uganda, na tulimwona kwa nadra. Mama, ambaye watu walimwita Mama Chebet kwa jina langu, aliuza viazi sokoni. Siku moja ya soko, mchana kweupe, wezi walitoka dukani wakifyatua risasi hovyo ili watu wawapishe. Nilikuwa nimekaa kando yake. Mlio niliousikia ulikuwa mkavu, mfupi, kama mbao zinazoangushwa sakafuni. Hakuna aliyerushwa nyuma akavunja kioo. Mama alikaa tu juu ya gunia la viazi, polepole, kama mtu aliyechoshwa na jua, akaniambia nimpe maji. Nilikuwa bado natafuta chupa nilipoona sweta yake inabadilika rangi.

Alikaa hospitali muda mrefu. Risasi ilikuwa imeingia bega la kulia na kusaga mfupa. Aliporudi, nyumba nzima ilinuka dawa ya kuchua, ile kali inayowasha macho, na kazi zake zikawa zangu. Nilisonga ugali nikiwa nimesimama juu ya kigoda. Ulikuwa na mabonge makubwa kiasi kwamba mdogo wangu Kibet aliuliza kama siku hizi tunachanganya na viazi.

Kwetu, wakati wa kuvuna, akina mama walisaidiana kwa zamu. Leo shamba la huyu, kesho la yule: kukata mahindi, kuyamenya, kuyabeba hadi nyumbani. Asiyekwenda kwa wenzake, wenzake hawaji kwake. Mwaka ule Mama hakwenda kwa mtu. Mahindi yetu yalisimama shambani yamekauka, mawingu yakikusanyika kila alasiri, na hayo ndiyo yalikuwa chakula chetu cha mwaka mzima. Yakilowa, yangeoza.

Kiongozi wa akina mama hao alikuwa Mama Kiprop. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Aliuza karanga mlangoni pa ukumbi wa video wa Wafula, kijana kutoka upande wa magharibi ambaye kazi yake ilikuwa kuweka filamu za Hollywood na kuzieleza kwa Kiswahili, akipiga kelele kuwashinda hao Wazungu. Kwa kukaa mlangoni pale, Mama Kiprop alikuwa ametazama kila filamu iliyowahi kufika Soy. Jumapili moja baada ya ibada alimsimamisha Mama mbele ya wenzake.

"Mama Chebet, sio ati tunakuonea," alisema. "Lakini hata kwa video si tunaonanga? Mtu anapigwa bega, anafunga na kitambaa, anaendelea na kazi. Wewe ni miezi sasa. Kama umechoka na sisi, sema tu."

Wengine waliangalia viatu vyao. Mama alinishika mkono tukaondoka, na mimi nilimkasirikia kwa kutojitetea. Tulipofika karibu na nyumbani ndipo aliponiuliza, "Hiyo video inaanzanga saa ngapi?"

Jumamosi mchana tulikwenda. Ukumbi ulikuwa wa mabati, una benchi za mbao na harufu ya petroli ya jenereta, na vijana waliojaa mle walitutazama kama wageni wa heshima waliokosea njia. Mama alikaa benchi ya mbele, mgongo wima, mkono wake umelala mapajani. Mama Kiprop alikuwa mlangoni na beseni lake la karanga.

Steringi alikuwa na bastola moja ndogo, na tangu tukae aliifyatua bila kuongeza risasi hata mara moja. "Hizo risasi anatoa wapi? Amebeba debe?" Mama aliniuliza kwa sauti. Steringi akajificha nyuma ya meza, na maadui wenye bunduki kubwa kubwa wakashindwa kuipasua. "Na hiyo meza ni ya mti gani?" Vijana wakacheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Kisha akapigwa bega. Akachana shati kwa meno, akajifunga, na kabla hatujavuta pumzi akarukia helikopta na kuning'inia kwa mkono ule ule. Ukumbi mzima ulishangilia. "Steringi hafi, watu wangu," Wafula alinguruma. "Bega ni kitu gani kwa mwanaume."

Mama alisimama. "Wafula, simamisha hapo."

Wafula akasimamisha, nadhani kwa mshtuko tu. Steringi wao akabaki ameganda angani. Mama aligeukia mlango.

"Mama Kiprop, kuja hapa. Inua huu mkono wangu."

"Mama Chebet, wacha hiyo maneno. Kuna watoto."

"Watoto ndio wanadanganywa hapa. Mimi sitaki kuongea. Nataka ushike wewe mwenyewe."

Mama Kiprop aliweka beseni chini, akapangusa mikono kwa leso, akamshika kiwiko. Aliuinua kwa nguvu, kama mtu anayetaka kumaliza ubishi. Mkono ulipofika usawa wa kifua, tuliokuwa karibu tulisikia kitu kikisagana ndani. Uso wa Mama ulipauka, jasho likamtoka, lakini hakulia.

"Endelea," alisema. "Huyo wenu si ako kwa helikopta."

Mama Kiprop aliushusha mkono ule taratibu, kwa mikono yake miwili. "Imetosha, mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. Tulitoka katikati ya vijana, wakitupisha njia.

Jumanne akina mama wote walikuja shambani kwetu, Mama Kiprop mbele na panga lake. Hakuomba msamaha, na Mama hakumdai. Mahindi yaliingia ghalani kabla ya mvua. Mama alikaa kando ya rundo akimenya kwa mkono wa kushoto, kichwa juu, na mimi nilijiona binti wa jemadari.

Kwa miaka mingi nimesimulia kisa hiki kama ushindi. Nilikisimulia shuleni, chuoni, hata kwa wakwe. Kisha mwaka jana nilimpeleka Mama kwa daktari hapa mjini, kwa sababu bega lilikuwa halimpi usingizi. Daktari aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga, akaitazama sana, akauliza, "Mama, kuna mtu aliwahi kuvuta huu mkono kabla haujapona vizuri?"

Nilifungua mdomo. Mama alinikanyaga mguu chini ya meza.

"Hapana, daktari," alisema. "Hakuna mtu."

Pale ndipo nilipokumbuka jambo nililoliona na sikulielewa. Kabla ya Jumamosi ile, Mama alikuwa ameanza kufunga vifungo vya sweta yake mwenyewe kwa vidole vya mkono ule. Baada yake hakuvifunga tena. Nilifikiri ni jeraha tu linavyokwenda. Kumbe alijua anachotoa, na alikitoa ili aaminiwe na tule, kisha akamficha aliyeuvuta mkono, kwa kuwa ni Mama mwenyewe aliyemwomba. Watu huniambia nipunguze hasira, eti zile ni sinema na kila mtu anajua ni za uongo. Waje asubuhi moja nyumbani kwetu, wanitazame nikimvisha.