Watatu wa Shangazi

"Shangazi, hao watatu wakigombana, nani hushinda?" aliuliza binti wa kaka yake, akiwa bado darasa la pili. Shangazi, mwalimu wa saikolojia chuoni, alikuwa amemweleza kwamba ndani ya kila mtu wamo mtoto anayetaka kila kitu sasa hivi, mkali anayekataza, na mpatanishi aliyebanwa katikati yao. Alicheka tu, akajifutia chaki kwenye sketi kama kawaida yake. Akiona keki, aliwapa wote sauti: "Nataka!" nyembamba, "Huna haya?" nzito, kisha, akikuna sikio, "Haya basi, nusu." Hata fundi saa wa jirani, kila alipomwomba waoane, Shangazi alikuna sikio na kumwambia, "Tutaona."

Juzi fundi saa alikuja akisema hatauliza tena. Binti, sasa akiwa kidato cha tatu, alimchungulia shangazi jikoni: si sauti nyembamba wala nzito, mkono ukipanda kuelekea sikioni, halafu ukashuka wenyewe. Akaenda sebuleni. "Nimekubali," alisema, kwa sauti ambayo binti hakuwahi kuisikia. Fundi saa akadondosha kofia. Shangazi akamgeukia binti, macho yakicheka.

"Uliniuliza nani hushinda. Leo, mwanangu, hawakugombana."